Taa Zilizopimwa kwa Fundo la Kamba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni vigoda karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Muthama Kiilu, aliyezikwa Jumamosi huko Mbooni, juu ya soko la Mbumbuni. Alikuwa dereva. Nasema tena, dereva, wala si wa juzi. Mwaka wa 1954 alikuwa na pikapu kuukuu iliyokohoa kuliko babu yangu, na babu yangu alinusa ugoro tangu ujana.

Kazi yake ilikuwa kubeba kina mama na ndizi zao, kutoka milimani kushuka Mbumbuni. Waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Lakini taa za pikapu zilikuwa hafifu, na mwezi wa saba milima ile hujifunika ukungu mzito kama uji wa wimbi. Siku moja gari likaingia mtaroni. Ndizi zikabingirika, wenyewe wakabingirika. Hakuna aliyeumia, ila kina mama waliapa: "Gari kipofu hatupandi tena!"

Aliyeongoza kiapo hicho ni Mbinya. Na Mbinya, wapendwa, alikuwa mama mkwe wa Muthama.

Hapo sasa! Mila yetu mnaijua. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, mpaka mkwe apeleke mbuzi na blanketi la kuondoa haya. Muthama alikuwa bado. Wakikutana njiani, mama anaingia kichakani, mkwe anahesabu ndege. Sasa utamwombaje msamaha mtu usiyeweza kumtazama?

Akamtuma mkewe, Nthenya. Jibu likarudi: "Mama anasema atapanda mara moja tu. Ukimwangusha tena, yeye na wenzake watakwenda sokoni kwa miguu mpaka wazeeke."

Mara moja tu. Mbinya asipopanda, hapandi mtu, na pikapu inabaki ya kulalia kuku.

Muthama hakulala juu ya neno hilo. Alikwenda Kitui kwa fundi Jabiri, akapata taa mbili za ziada zilizotoka kwenye lori bovu la wakati wa vita.

"Nizifunge wapi, bwana?" akauliza Jabiri. "Juu ya paa, au chini kwenye bampa?"

"Juu! Chini mawe yatazivunja, na maji ya mto yatazimeza. Nataka Mbooni nzima ijue nimefika."

"Mbooni ijue, au mama mkwe ajue?"

"Funga taa, Jabiri."

Zikafungwa juu ya paa, zimesimama kama pembe za fahali.

Alfajiri ya soko, Mbinya akapanda nyuma kabisa, leso kichwani, mgongo kwa dereva. Walipoingia ukunguni, Muthama akawasha taa zake. Akaona ukuta mweupe. Mwanga ulipiga ukungu ukamrudia machoni. Barabara hakuiona, hata boneti yake mwenyewe hakuiona. Akasimama penye kona, bonde likimngoja kushoto.

Sauti ikatoka nyuma: "Amenunua jua, hajui pa kuliweka!"

Kina mama wakacheka mpaka pikapu ikayumba. Muthama akaung'ang'ania usukani. Kurudi hawezi, kwenda haoni.

Kisha akasikia mtu anashuka. Ni Mbinya, na taa yake ya chemli mkononi. Alipita kando ya gari, uso ameufunika kwa leso, akasimama mbele na kumpa mkwe mgongo.

"Nthenya, mwambie huyo mtu azime vitu vyake vya juu."

Nthenya, aliyeketi ubavuni mwa mumewe, akamwambia kana kwamba mwenzake hana masikio. Muthama akazima. Mbinya akaishusha taa mpaka magotini, akaanza kutembea. Barabara ikaonekana! Mwanga ulipenya chini ya ukungu kama paka anayepita chini ya kitanda. Muthama alivifuata visigino vya mama mkwe wake karibu maili moja, gia ya kwanza, bila kuinua macho. Ndizi zilifika Mbumbuni. Zote.

Jioni Nthenya akamletea mumewe kamba ya mkonge yenye fundo moja. "Mama anasema, kutoka ardhini mpaka hapa kwenye fundo."

Muthama akarudi Kitui na kamba yake. Jabiri akaigeuza mkononi.

"Nani kakupimia?"

"Mama mkwe."

"Umemwona?"

"Visigino tu."

"Na yale mawe yako? Na mto?"

"Mawe, tutazisukia wavu wa waya. Mtoni nitazifungua, nivuke nimezipakata."

Na alifanya hivyo, wasikilizaji. Kila mto wenye maji, alishuka na spana, akafungua, akavuka, akafunga tena. Kina mama wakarudi, Mbinya mbele yao.

Mwezi uliofuata alipeleka mbuzi na blanketi. Binti yake, Kalondu, ametusimulia: "Baba alisema siku hiyo bibi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akamwambia, 'Kumbe wewe ni mfupi! Ndiyo maana ulitaka taa juu.'"

Kwa Mama Nthenya, kwa Kalondu na nduguze, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: taa tuliyobeba inamulika njia, au inatumulika sisi tuonekane?

Kamba ile ingalipo. Jumamosi, kabla jeneza halijapakiwa, Kalondu aliishusha ukutani akaenda kupimia taa za gari la mazishi. Zilikuwa juu ya fundo. Dereva akaambiwa aende polepole.