Fundi Kiraka na Gurudumu Namba Tano: Miaka Thelathini na Mmoja Karakanani

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, fundi wa magurudumu wa ghala letu, ambaye wote tunamwita Kiraka, atafunga mlango wa karakana na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Waliokuwepo alipoajiriwa wanasema alikuja na nywele nyingi na sanduku dogo la spana. Nywele zimekwenda, sanduku lipo.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa stoo ya jengo la nne, niandike wasifu wake usiozidi ukurasa mmoja. Nimeshindwa kuubana. Kuna jambo moja ambalo nisipoliandika sasa, ataondoka nalo mgongoni, na si mzigo wake.

Aliajiriwa kutengeneza mikokoteni ya kusukuma na zile baiskeli za magurudumu matatu za kubebea katoni. Jina la Kiraka alilipata mwaka wa pili. Ovaroli yake ilichanika gotini, naye badala ya kuipeleka kwa fundi cherehani akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akapiga msasa, akapaka gundi na kukibandika. Mkewe aliifua ovaroli ile miaka minne mpaka ikaisha yote, ikabaki goti. Kile kipande alikihamishia kwenye ovaroli mpya.

Miaka sita iliyopita uongozi ulinunua vyombo vinane vidogo vya umeme vyenye gurudumu moja tu. Kutoka jengo la kwanza hadi la nne ni mwendo mrefu, na matarishi walikuwa wanamaliza soli za viatu. Chombo chenyewe ni kama sanduku lenye gurudumu katikati. Unasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, ukiinama mbele kinakwenda, ukirudi nyuma kinasimama. Sisi tulikiita mguu-mmoja. Siku ya kwanza Kiraka alikizunguka mara mbili, akauliza nusu ya pili inaletwa lini.

Hakuna aliyemfundisha. Kubadilisha tairi la mguu-mmoja si sawa na la baiskeli, maana mota imo ndani ya gurudumu lenyewe. Lazima uzime umeme, ufungue mifuniko ya pembeni na vikanyagio, uchomoe nyaya, ndipo gurudumu litoke. Mara ya kwanza alifanya yote hayo vizuri, ila akalirudisha gurudumu likiwa limegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Alipokiwasha, chombo kilikurupuka kinyume, kikapiga ukuta, kikarudi na kuangusha chupa ya chai ya mkuu wa karakana. Kwa wiki nzima watu walikuwa wakipita na kuuliza kama farasi wake ameshakunywa chai. Tangu siku hiyo alifunga uzi mwekundu upande wa kulia wa kila gurudumu kabla hajagusa nati yoyote.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alipaka maji ya sabuni pembeni mwa tairi ili litoke kwenye rimu bila kulazimishwa. Mpira wa ndani aliuzamisha kwenye beseni na kuuzungusha taratibu, akisubiri povu limwonyeshe tundu. Alipiga msasa, akapaka gundi, halafu akakaa. Hilo la kukaa ndilo liliwaudhi matarishi. Gundi ilitaka ikauke kabla ya kiraka kubandikwa, na yeye hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kabla ya kufunga alipitisha kidole ndani ya tairi zima, akitafuta msumari au kigae kilichobaki, kwa sababu alisema ni aibu kutibu jeraha na kuacha mwiba.

Kisha ulikuwapo utaratibu wake ambao kila mtu aliujua. Chombo kilichozibwa kilitundikwa kwenye ndoano hadi kesho yake, kikiwa na upepo, lakini bila kifuniko cha valvu. Asubuhi alikipima tena. Upepo ukiwa umeshika, ndipo alipofungua kopo lake la peremende, akatoa kifuniko na kukikaza kwa mkono wake. Kila kifuniko alikitia alama ya rangi ya kucha aliyoiomba kwa mkewe, vyombo vinane, rangi nane. Chombo kisicho na kifuniko hakikuwa kimekamilika, na hakikutoka mlangoni.

Namba tano ilikuwa ya zambarau. Ilikuwa ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa tarishi wa jengo la kwanza. Yeye na Kiraka walikutana wiki ile Kiraka alipoajiriwa, wakagombania benchi moja la kulia chakula, na hawakuachana tena. Kwetu alikuja kila Jumapili kutengeneza redio. Redio ile haikupona hata siku moja. Nadhani wote wawili walijitahidi isipone. Mimi aliniita shemeji, na binti zetu wawili walimwita baba mdogo, wakimvua kofia kuangalia kama nywele zimerudi.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumatano, mume wangu alianguka na namba tano kwenye mteremko ulio kati ya jengo la pili na la tatu. Tairi liliishiwa upepo ghafla, likatoka kwenye rimu, naye akajigonga kichwa kwenye ukingo wa saruji. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Kamati ya uchunguzi iliundwa. Nilikuwa nyumbani wakati huo, lakini taarifa yake niliisoma baadaye, maana nakala zote hupita stoo. Walimuuliza fundi kama chombo kile alikikabidhi mwenyewe kikiwa kimekamilika. Jibu lake limeandikwa hivi: "Nilikimaliza mimi. Kosa ni la kiraka changu." Akapewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye jalada lake, na ipo mpaka leo.

Nitasema tulivyomtendea baada ya hapo, ingawa ni aibu kwetu. Matarishi walianza kubonyeza tairi kwa kidole gumba mbele ya macho yake kabla ya kupanda. Wawili walipeleka vyombo vyao kwa fundi wa nje. Mwingine, kila akikabidhiwa chake, aliaga karakana nzima kwa kupeana mikono, na watu walicheka. Kiraka alikuwa akigeuka kuosha mikono iliyokwisha kuwa safi. Jumapili hakuja tena kwetu. Binti zangu waliuliza, nikawaambia ana kazi nyingi.

Niliporudi kazini baada ya likizo ya msiba, nilikuta namba tano imeletwa stoo kwangu, imefunikwa gunia pembeni ya mizani. Kwa siku mbili nilipita bila kuitazama. Siku ya tatu nilitoa gunia. Nilikagua kama ninavyokagua kila kinachoingia, kwa sababu sikujua kufanya kingine. Kikanyagio kimoja kimepinda. Mfuniko wa kushoto umepasuka. Valvu ilikuwa wazi, haina kifuniko.

Nilijiambia kimedondoka mteremkoni. Mchana nilikwenda karakana kwa kisingizio cha kuomba bisibisi. Kopo la peremende lilikuwa wazi juu ya meza. Humo kulikuwa na kifuniko kimoja tu, cha zambarau.

Kiraka aliona ninachokiona. Alifunika kopo taratibu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Basi wote wawili tulijua. Mume wangu aliitungua namba tano kwenye ndoano kabla haijapimwa, saa ambayo daftari la stoo linaonyesha fundi alikuwa getini akipokea tairi jipya. Gundi haikuwa imeshika. Tarishi aliyekaa ghalani miaka ishirini na tisa na kuujua utaratibu ule kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeuvunja.

Nami nikanyamaza. Mwezi ukapita, ukawa mwaka, ikawa mitatu. Nilijidanganya kwamba nalinda jina la marehemu, watoto wasije wakasikia baba yao alijitakia. Lakini kulikuwa na jingine chini yake, na hilo hata Kiraka halijui. Atalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Jumatano ile ya ajali dereva wa lori alikuwa ananipigia honi nje ya jengo la nne. Fomu ya kupokea mzigo ilikuwa imebaki jengo la kwanza kusainiwa. Nilimpigia simu mume wangu aniletee. Akasema chombo chake kiko kwa Kiraka, atakuja kwa miguu. Mume wangu alikuwa na mwendo wa pole sana, tulimtania siku zote. Nikamwambia, "Wewe ukija kwa miguu utanikuta nimestaafu. Panda hicho chombo, bwana."

Akacheka. Ndilo la mwisho nililomwambia, na kicheko hicho ndicho nilichobaki nacho.

Kosa halikuwa la kiraka. Kiraka kilichobandikwa vizuri kilihitaji muda ambao mimi sikuutoa na mume wangu hakuungoja. Fundi hakukabidhi chombo kile. Alidanganya kamati ya uchunguzi, na huo, kwa ninavyojua, ndio uongo pekee aliousema katika miaka thelathini na mmoja.

Mwezi uliopita nilimfuata karakana. Alikuwa anafundisha fundi atakayempokea jinsi ya kutambua gundi iliyokauka: unagusa kwa mgongo wa kidole, si kwa ncha. Nilisubiri yule mwenzake atoke. Nikamuuliza kwa nini aliijibu kamati alivyoijibu. Alikuwa ameshika msasa, akawa anaupiga mpira ambao tayari ulikuwa umepigwa. Akanijibu, "Shemeji, yule hayupo wa kusema lake. Mimi nipo. Acha waniseme mimi." Nikamwambia nitasema ukweli. Akakataa. Alisema zimebaki wiki chache, ataondoka, na maneno yataisha yenyewe. Nilimwachia msasa wake nikatoka, kwa sababu ningekaa zaidi ningelia na yeye angeniuliza tena habari za chai.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa afisa utumishi, nikaandika maelezo ya kurasa mbili na kuyasaini. Amekubali yawekwe kwenye jalada, na barua ya onyo ifutwe rasmi kabla ya tarehe 30. Binti zangu niliwaeleza usiku wa kuamkia jana. Mdogo aliuliza kama kazi nyingi za baba mdogo zilikuwa uongo, nikamjibu ndiyo, ulikuwa wangu.

Sasa yabaki ya kuandikwa katika wasifu. Kwa hesabu ya daftari la stoo, fundi wetu amebadilisha na kuziba matairi zaidi ya elfu sita, ya mikokoteni, ya baiskeli na ya mguu-mmoja. Alibuni kamba ya kushikilia chombo kikiwa kimewashwa, ili kisirudie vituko vya chupa ya chai, na kamba hiyo sasa inatumika katika karakana zetu zote. Amefundisha mafundi wanne. Hajawahi kuchelewa kazini ila mara mbili, na zote mbili alisimama njiani kumzibia mtu pancha. Hakuwahi kumwita mtu mzembe. Akiletewa tairi lililochakazwa kwa makusudi, alisema tu kwamba limeona mengi.

Matarishi, ninawaomba siku ya sherehe mkae mstari wa mbele. Sitawaambia la kufanya. Mna mikono, mnajua mliitumia kufanya nini.

Fundi, sasa naongea na wewe. Ahsante kwa kumbeba rafiki yako miaka mitatu kwa jina lako. Ahsante kwa kunibeba na mimi bila kujua umenibeba. Ghala lote linakushukuru kwa kila safari iliyofika salama, nazo ni nyingi kuliko ile moja. Tunakuombea afya, usingizi mwema na asubuhi zisizo na kengele, wewe na mama watoto.

Najua hukutaka haya yaandikwe. Kama umekasirika, una haki. Ila usinikasirikie hapa kazini, watu watasikia. Njoo Jumapili unikasirikie nyumbani. Binti zangu wanajua yote sasa, na wameshapanga viti vinne.