Yaya wa Seli za Ubongo Aliyekwenda Likizo Maabarani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Humu ndani anaitwa Yaya, na ukimwona alivyo na mabega mapana kama kabati utajua aliyempa jina hilo hakuwa na adabu. Ni mimi.

Kazi yake ilikuwa kulea seli shina, zile seli changa zinazoujenga ubongo wa kijusi. Kila baada ya siku moja, hata Jumapili, alizidondoshea vichocheo vya ukuaji. Vikiwepo, seli huzaana na kubaki changa. Vikiondolewa, huanza kukomaa kuwa seli kamili za ubongo. Wanafunzi wakikuna vichwa, aliwaambia kuwa hata kijana anayepikiwa kwao kila siku hana haraka ya kuhama.

Mkewe alipochoshwa na Jumapili hizo, alikuja kumwona mke mwenza. Tulimkalisha kwenye hadubini. Alitazama kwa makini, kisha akauliza, "Haya madoa ndiyo yananinyima mume?" Siku hiyo Yaya alitoka kazini mapema kuliko siku zote.

Lakini jambo litakalokumbukwa ni la kichocheo cha pili. Tulikuwa na viwili. Cha kwanza kilizizalisha seli bila shida. Cha pili hazikukijali kabisa. Mkurugenzi wetu wa wakati huo akaandika ripoti kwamba hakifai, na utafiti wa kichocheo hicho ungefungwa. Yaya akamkumbusha kwamba seli zile zilitoka kwenye vijusi vya panya vya siku kumi tu; huenda zilikuwa bado changa mno kukitambua. Mkurugenzi akamjibu, "Kazi yako ni kuzilisha, si kuzisemea."

Yaya hakubishana. Aliomba likizo ya wiki mbili, akasaini fomu, na kesho yake saa moja asubuhi alikuwa maabarani, amevaa kandambili ili ionekane kweli yuko likizo. Alichukua seli za vijusi vya siku kumi na sita, akazipa kichocheo cha pili peke yake. Sisi tuliokuwa tukimwona tulipatwa na upofu wa ghafla.

Jumatatu Yaya aliporudi kazini, mkurugenzi alikuta kisahani kwenye hadubini yake. Seli zilikuwa zimezaana mpaka zimefanya mafundo. Alizitazama, akauliza:

"Hizi za nani?"

"Zako," Yaya akasema. "Mimi nilikuwa likizo."

Ripoti ilikuwa ipelekwe Jumatano. Haikupelekwa. Iliyoandikwa badala yake ilieleza kwamba seli shina hubadilika kadiri ubongo unavyokua, na kichocheo zinachokipuuza leo huja kuzikuza baadaye. Kwenye orodha ya waandishi, jina la Yaya lilikuwa la pili kutoka juu. Mkurugenzi aliliweka mwenyewe, bila kuombwa, na tangu siku hiyo alianza kubisha hodi kabla ya kuingia chumba cha seli.

Ijumaa iliyopita Yaya alinikabidhi funguo. Jumatatu alirudi, akidai amesahau miwani. Miwani alikuwa ameivaa. Tulimwacha aingie.

Asante, kaka, kwa kutulea na sisi. Tunakuombea afya njema na siku nyingi tulivu, wewe na shemeji. Ukisahau kitu kingine, mlango unaujua.