Nicodemus Owino Omolo, Mpishi Aliyepima Ugali wa Wagonjwa wa Sukari (1909–1959)

Wapendwa, poleni. Mimi ni Dorsila, dada mdogo wa marehemu. Nimeambiwa nisome maisha yake bila kulia. Nitajaribu.

Nicodemus Owino alizaliwa tarehe 3 Machi 1909 huko Yala, kifungua mimba wa mzee Omolo na mama Peres. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1925 baba alipopata kazi ya reli na kutuleta sote Nakuru. Alianza kuosha sufuria kwa mzungu mmoja wa Njoro, akawa mpishi wake, na mwaka 1946 akaajiriwa jikoni katika hospitali ya misheni.

Mwaka 1932 alifunga ndoa na Milcah Naliaka, binti wa fundi wa reli. Wazee wetu walinung'unika kwamba si Mjaluo. Walipoonja kuku wake, wakanyamaza.

Mwaka 1954 daktari wa hospitali hiyo alianza uchunguzi. Alitaka kujua vyakula vya wanga, yaani ugali, viazi na uji, vinamtosha kiasi gani mgonjwa wa sukari, na achomwe sindano kiasi gani ya ile dawa ambayo mwili wenye afya hujitengenezea wenyewe. Wagonjwa kumi na wawili walipimiwa ugali aunsi sita kila mlo, basi. Mkojo ulichemshwa na dawa ya buluu: ukibaki buluu, vizuri, ukiwa mwekundu kama tofali, sukari imezidi. Mizani alipewa kaka.

Miezi minane mikojo ilikuwa myekundu tu. Daktari akaongeza sindano, akaongeza tena. Januari 1955 kaka alikwenda Yala kumzika mama yetu, na mpishi mwingine akapima aunsi sita kamili. Siku hiyo hiyo mchana Mama Jelagat, mkulima wa Molo na mmoja wa wale kumi na wawili, alitetemeka, akalowa jasho, akazimia. Alichomwa maji ya sukari kwenye mshipa ndipo akafumbua macho. Sindano ilikuwa kubwa kuliko chakula.

Kaka aliporudi na kusikia hayo, aliweka mzigo chini akaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Bwana Daktari, ni mimi. Nikishapima, nilikuwa naongeza kipande juu."

"Kila siku?"

"Kila sahani."

"Miezi minane, Owino! Kwa nini?"

"Ugali wa kukatwa na kisu sawasawa ni wa mfungwa, bwana. Mtu huongezewa. Mkono wangu ulishindwa."

Jamani, nani hapa hangeongeza? Mimi ningeongeza. Lakini huruma ile nusura imuue mama wa watu, na kaka alilijua hilo hadi kufa kwake. Aliomba afukuzwe. Baada ya siku tatu daktari alimletea daftari jipya na mizani ile ile. "Mwingine angenyamaza," alisema. Sindano zilipunguzwa, uchunguzi ukaanza upya, na kila kilichoingia mdomoni kikaandikwa. Mama Jelagat huyo pale, safu ya mbele.

Mwaka 1957 kaka alianza kusumbuliwa na kiu. Alichemsha mkojo wake mwenyewe, akauona mwekundu. Alimwambia Milcah, "Sasa na mimi nimo daftarini." Mei mwaka huu alipata kidonda mguu wa kushoto, kikakataa kupona.

Jumamosi ya mwisho nilimpelekea chakula nyumbani kwake. Milcah alipima. Alipogeuka, niliongeza kipande cha ugali kwenye sahani, kwa mapenzi tu. Kaka alikula chote, akanitazama.

"Dorsila, lete daftari. Andika na kile chako."

Niliandika. Niliona aibu sana, na yeye akacheka. Jumapili tarehe 9 Agosti 1959, kabla ya ibada, alifariki. Mstari wa mwisho wa daftari lake ni mwandiko wangu.

Ameacha mjane, Milcah; watoto watano, wa kwanza akiwa Ephantus; wajukuu watatu; na mimi. Aliomba azikwe hapa Nakuru, na wazee wa Yala wamekubali baada ya kubishana sana. Asanteni, wazee.

Mkitoka makaburini mtakula nyumbani kwake. Mwenye sukari amwambie Milcah mapema, atampimia. Wengine wote mtaongezewa, na sitaki kuona mtu akikataa. Pumzika kwa amani, kaka. Hicho cha kuongezwa nacho nitakiandika.