Mstari wa Mwisho wa Edwina Sugden

Wasikilizaji wapendwa, chukueni chai yenu, mkae. Leo tunamkumbuka Edwina Sugden wa Saltby, mwandaaji wa michezo ya kuigiza aliyegeuka diwani. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na moja.

Edwina hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kila Krismasi, kwa miaka thelathini, alijaza jumba la maonyesho la Regal kwa vichekesho vyake. Na alikuwa na mwiko mmoja, mwiko wa watu wa jukwaani: mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi kwenye mazoezi. Unasemwa siku ya kwanza, watazamaji wakishaketi. Ukiusema mapema, unaleta mkosi. Mwigizaji mmoja alijisahau, akatolewa nje azunguke jumba mara tatu kwenye mvua!

Halafu halmashauri ikataka kuivunja Regal, pawe maegesho ya magari. Edwina akaenda kulalamika. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hapa wanasema madiwani tu."

"Haya. Niwekeeni kiti."

Akagombea, akashindwa. Akagombea tena, akapita.

Hotuba ya siku madiwani walipoipigia Regal kura aliifanyia mazoezi jikoni, mbele ya dada yake, Hilda. Yote, isipokuwa sentensi ya mwisho. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, mwiko wake aliuingiza hadi kwenye siasa! Basi alipofika mwisho, akakwama. Madiwani wakaanza kuchekeana. Hilda, aliyekaa upande wa wananchi, akapaza sauti: "Wina, sema tu! Tumeshaketi!"

Edwina akamtazama dada yake. Akasema, "Baba alipofariki, mama yetu hakucheka mwaka mzima. Siku alipocheka, alikuwa Regal."

Regal ikapona kwa kura moja. Kwa kura moja tu.

Miaka miwili sasa paa limekuwa likitengenezwa. Jumamosi hii jumba linafunguliwa tena kwa mchezo wake, na Edwina ndiye angesema mstari wa mwisho. Amekosa kwa siku nne. Inauma, jamani.

Atausema Hilda. "Aliniandikia, nimeshaukariri," aliniambia. Nikamwomba anidokeze, nanyi mjue. Akanijia juu: "Wewe! Watu hawajaketi!"

Pole sana, Hilda. Poleni, watu wote wa Saltby. Nasi tujiulize: mtaani kwetu, ni mahali gani pa kucheka panapongoja mtu wa kupapigania?

Jumamosi, saa moja jioni. Njooni mapema, mketi, Hilda apate kusema.