Kuvuna au Kuvua

Fundi cherehani alipanda treni ili asinzie, lakini benchi la mbele yake lilimnyima usingizi. Mama mmoja mwenye vidole vya kijani alikuwa akimweleza afisa wa vibali, ambaye ndiyo kwanza amekutana naye, kwamba anakuza mwani mdogo mno, ule unaogeuza maji kuwa kijani, ndani ya matangi. Akishautoa anaukausha uwe unga wa lishe.

"Unautoaje majini?" afisa akauliza.

"Nauchuja kwa kitambaa."

"Basi unavua, mama. Nenda idara ya uvuvi."

"Nilikwenda, wakaniuliza magamba yako wapi! Mimi navuna, baba."

"Kuvuna ni shambani."

Herufi moja tu, fundi akawaza, na watu wazima wameshikana mashati.

"Hata hivyo siwalaumu," mama akasema, sauti ikashuka. "Mwaka jana alikuja mwenzenu, binti mmoja mkali. Akapima maji, akakuta umeota mwani mwingine wenye sumu. Akafunga matangi yote. Nilimtukana mpaka mate yakanikauka. Na asubuhi ile nilikuwa nimeshamkorogea mjukuu wangu unga ule kwenye maziwa. Kikombe kilikuwa mezani, kinamsubiri aamke."

Treni ikapunguza mwendo.

"Binti huyo bado yupo?" mama akauliza.

"Yupo."

"Msalimie sana. Mwambie yule mtoto hakai chini, ananitoa jasho kutwa nzima."

Milango ikafunguka. "Nitamwambia," afisa akasema akishuka. "Lakini unavua, mama."

"Navuna!" mama akapaza sauti dirishani, huku akimpungia mkono wake wa kijani.