Mazoezi ya Kutoshukiwa

Hebu fumba macho kidogo uuone mtaa huu. Benchi la mbao liko nje ya kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja mfupi umetegewa kipande cha tofali. Birika la kahawa linatoa moshi. Wamekaa wanne. Waziri ndiye kinyozi, na jina hilo alilipata kwa kupenda kutoa ahadi. Spana ni fundi baiskeli. Wakili hushona viatu. Mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama shahidi katika kesi ya kuku. Wa mwisho ni Sindano, fundi cherehani. Huyu alizaliwa nyumba ya pili kutoka hapa, lakini pua na rangi alirithi kwa babu yake aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo polisi wa pale njia panda humsimamisha karibu kila apitapo. Kesho asubuhi binti yake anapokea zawadi shuleni, na hakuna njia ya kufika shuleni isipokuwa hiyo. Mwaka jana Sindano alikaa kituoni mpaka sherehe ikaisha. Leo kahawa yake hainywi, anaipuliza tu.

Sindano: Wakinishika tena kesho, yule mtoto nitamwambia nini? Mwaka jana alipokea zawadi anaangalia kiti kitupu.

Waziri: Hushikwi. Mimi nakuahidi.

Sindano: Hata upara huu uliniahidi utaota nywele.

Spana: Kosa lako ni mwendo, kaka. Unapita mbiombio. Haraka haraka haina baraka. Nenda taratibu.

Sindano: Juzi nilikwenda taratibu. Wakasema nazungukazunguka, nachungulia maduka.

Wakili: Wako sahihi! Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sasa nyama ikipotea, atashukiwa nani?

Spana: Basi ashike mwendo wa kati.

Wakili: Huo ndio mbaya kabisa. Mwendo wa kati ni wa mtu aliyekaa akafikiria. Kisheria hiyo inaitwa kukusudia.

Waziri: Sheria ipi hiyo?

Wakili: Ile ndefu.

Waziri: Mimi naona shida ni ndevu. Kaa hapa nikunyoe.

Sindano: Si ulininyoa? Wakauliza kwa nini picha ya kitambulisho ina ndevu. Nikazifuga tena, wakauliza namficha nani.

Spana: Vaa suti bwana, wewe si fundi?

Sindano: Nilivaa. Wakauliza nimeitoa wapi. Nikajibu nimeshona mwenyewe. Walicheka mpaka mmoja akatafuta pa kukaa.

Wakili: Nimepata! Beba mtoto mgongoni. Nani amewahi kumwona jambazi na mtoto mgongoni?

Sindano: Mtoto mwenyewe si ndiye ninayemfuata shuleni?

Wakili: Asiye na mwana aeleke jiwe.

Spana: Apite mbele ya polisi na jiwe? Si utakuwa umempa na silaha!

Kicheko kilipotulia, Waziri alisimama, akampokonya Spana kofia yake, akaivaa hadi kwenye nyusi.

Waziri: Maneno mengi hayana kazi. Tufanye mazoezi. Mimi ndiye afande. Piteni mbele yangu, nitamsimamisha anayetia shaka. Hapo ndipo tutajua Sindano anakosea wapi.

Wakapita. Wakili alitangulia, ameficha kiatu kimoja cha mteja ndani ya koti, kisigino kimechomoza kifuani. Spana akafuata akipiga mluzi. Kwa utundu wake alikuwa ameichukua mashine ya kunyolea ya Waziri, na waya unaburutika chini nyuma yake. Sindano alikuja mwisho, mikono mitupu.

Waziri: Wewe! Simama hapo hapo! Mikono ukutani!

Sindano akaweka mikono ukutani.

Wakili: Afande, mbona mashine yako inaondoka na Spana?

Waziri: Usiingilie kazi ya polisi!

Spana: Hapana, Waziri, tuambie kweli. Kwa nini umemkamata yeye?

Waziri akajikuna chini ya kofia.

Waziri: Sijui. Macho yamekwenda yenyewe. Kawaida ni kama sheria, bwana.

Walicheka, na Sindano naye akacheka, ila mikono hakuishusha. Wakati huo mama mmoja alikuwa anakuja, mgeni mtaani, gauni kwenye mfuko. Alipomwona mtu ukutani, akaubana mkoba wake kwapani na kuwapitia mbali. Alipokwisha kuwapita, akasimama. Akageuka.

Mama: Samahani, jamani. Huyu amefanya nini?

Spana: Hajafanya kitu, mama. Ni fundi wetu wa cherehani.

Mama: Na nyie?

Wakili alikifunika kile kisigino kwa kiganja.

Mama: Sasa mbona aliye ukutani ni yeye?

Waziri akamtazama Wakili. Hata ile sheria ndefu haikutokea.

Sindano akashusha mikono, viganja vyeupe kwa chokaa ya ukuta.

Sindano: Lete gauni, mama. Zipu, siyo?

Mama akamkabidhi mfuko. Waziri alivua kofia, akaigeuzageuza mkononi.

Waziri: Kesho sifungui asubuhi. Tutakwenda wote shuleni.

Spana: Wakimsimamisha, na sisi tunasimama. Lakini nani atawauliza kama alivyotuuliza huyu mama?

Wakili: Mimi. Ila tusikilizane, nisije nikaliongezea swali lake methali.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja. Siku utakapomkuta mtu amewekwa ukutani, mkono wako utawahi kuubana mkoba. Usiulaumu sana, ni mkono tu. Ila ulimi nao upe nafasi uulize.