Nusu ya Wimbo wa Annastella

Sogeeni, wanangu, Mutembei na Edvina, myasikie haya yakitoka kinywani mwangu mimi baba yenu Kahigi, si kwa watu wa msibani, maana kifua hiki kinanibana tangu Jumapili na daktari wa zahanati ameacha kunitazama usoni. Leo ni Jumatano. Ijumaa albamu ya Edvina na wenzake inatoka, dunia nzima isikie, na ndani yake mna wimbo ulioandikwa kwamba mtunzi ni mimi. Wanangu, si mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa nikiwa sandukuni, nisiweze kujibu.

Mtunzi ni shangazi yenu Annastella, yule wa kisiwani Bumbire ambaye mmekua mkiambiwa hapendi kuja kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na sita. Tata, baba yangu, alinifundisha enanga, zeze letu la ubao, mimi peke yangu, kwa kuwa siku zile mwanamke hakuruhusiwa kupakata ubao ule wala kugusa nyuzi zake. Annastella alikaa mlangoni akimenya ndizi, ametupa mgongo, kumbe anasikiliza. Mchana mmoja nikaikosa enanga mahali pake, nikafuata sauti hadi katikati ya migomba, nikamkuta ameipakata, amefumba macho, anapiga kitu ambacho Tata hakuwahi kukipiga wala babu. Nilisimama pale mpaka wivu ukanijaa, ndipo nikaenda kumwita Tata. Mwezi haukwisha, akaozwa kwa mvuvi wa Bumbire ambaye hakuwa amemwona hata mara moja. Siku ya kuondoka alinitazama tu.

Nami wimbo wake nikauchukua. Nikaupiga kwenye harusi za Muleba na Bukoba, watu wakanibeba mabegani; hata mama yenu alinipendea wimbo huo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka hamsini na minane.

Mwaka jana, Edvina, ukanipeleka Bukoba mjini kwa wenzako, Ismael wa kompyuta na Riyadhi wa saksafoni, kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, mkaniambia mnataka kuchanganya mapigo yetu na jazi, na fanki, na sauti za mashine. Nilipokaza nyuzi, Ismael akajikuna kichwa.

"Mzee, nyuzi zako hazilingani na kinanda."

"Basi kinanda kinifuate mimi, mimi ndiye mkubwa."

Mkacheka, lakini kweli kikanifuata. Ismael akayakata mapigo yangu vipande akayazungusha, gitaa la besi likatetemesha sakafu, Riyadhi akaingia taratibu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wagonjwa, nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya migombani nikausikia wimbo ulivyokuwa mikononi mwa Annastella, mkubwa kuliko mimi. Nikalia. Mlidhani ni furaha. Ukanifuta uso, mwanangu, ukauliza, "Tata, mtunzi tumwandike nani?" Pumzi ya kusema kweli nilikuwa nayo. Nikasema, "Andika mimi."

Jana nilikuomba umpigie simu shangazi yako, umsikilizishe wimbo, na hukujua kwa nini. Aliusikiliza hadi mwisho. Ulisikia mwenyewe alivyosema.

"Kahigi, hiyo ni nusu."

"Nusu gani?"

"Hiyo uliyoisikia kabla hujaenda kumwita Tata. Nyingine ninayo."

Akakata. Wewe ukanitazama, nami nikageukia ukutani. Leo asubuhi mjukuu wake ametuma ujumbe kwamba bibi amepanda mtumbwi. Tangu hapo nahesabu saa, na ziwa silioni nikiwa hapa kitandani.

Sasa shikeni hili. Edvina, mpigie Ismael kabla jua halijazama, azuie albamu. Atasema tarehe imeshatangazwa. Mwambie tarehe haifi ikisubiri, mimi ndiye ninayekufa. Jina langu lifutwe, liandikwe la Annastella, na nusu yake irekodiwe kwa mikono yake. Enanga ni yake, na baada yake ni yako wewe.

Mutembei, kibanja hiki cha Kishanda, nyumba na shamba lake, unakirithi, ila upande wa juu wenye mibuni ni wa shangazi yako. Usikunje uso. Najua utasema ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke aliyeolewa kwingine, na wazee watakuunga mkono. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyompeleka kisiwani, nami ndiye niliyeyachochea. Ukimnyang'anya, utakuwa umemwibia mara ya pili, baada yangu mimi. Umenielewa? Itikia, nisikie.

Vema.

Shangazi yenu akinikuta nimekwenda, mchungaji asianze ibada mpaka yeye apige enanga. Ni mwanamke mzee, vidole vitakuwa vimekakamaa. Mleteeni maji ya moto aviloweke, msimharakishe. Nisiposikia mimi, sikieni ninyi.

Maji... kidogo. Inatosha.

Mungu wa mama yenu awalinde. Mutembei, mashamba yako yazae na ulimi wako uwe mpole. Edvina, vidole vyako visichoke, na usiandike jina lako juu ya... juu ya jasho la mtu. Pendaneni. Mimi sikumpenda ndugu yangu kama...

Nyamazeni. Hiyo si pikipiki inapanda kilima kutoka ziwani? Mutembei, toka, kampokee, mshike mkono pale penye utelezi.

Na kama si yeye, mwanangu, kaa huko nje kidogo kwanza, niendelee kumngoja.